Minneapolis na Majira Yake

Minneapolis, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, umekaa kwenye latitudo ya nyuzi 45, nusu ya njia kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini. Pamoja na pacha wake Saint Paul, mji huu umejengwa kando ya mto Mississippi, katikati ya bara, mbali sana na bahari. Mambo hayo mawili, umbali wa ikweta na umbali wa bahari, yanaeleza karibu kila kitu kuhusu hali yake ya hewa. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na wa Julai ni kama nyuzi 23 juu ya sifuri. Dar es Salaam, mwezi wenye joto kali zaidi huupita ule wa baridi zaidi kwa nyuzi 4 au 5 tu; Minneapolis tofauti hiyo ni kama nyuzi 32. Vipimo vya kupindukia vimeachana zaidi: Januari 1888 baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 41 chini ya sifuri, na Julai 1936 joto likapanda hadi nyuzi 42. Nyumba, barabara, sheria na hata kabati za nguo za mji huu zimepangwa kwa kuzingatia mabadiliko hayo makubwa.

Watu wengi hudhani kwamba baridi huingia kwa sababu dunia imekwenda mbali na jua. Ukweli ni kinyume: dunia hulikaribia jua kuliko wakati mwingine wowote mwanzoni mwa Januari, Minneapolis ikiwa imeganda. Kinacholeta majira ni mwinamo wa mhimili wa dunia, ambao ni kama nyuzi 23.4. Mwezi wa Juni upande wa kaskazini huwa umeinamia jua, na adhuhuri jua la Minneapolis hupanda hadi nyuzi 68 juu ya upeo wa macho. Desemba upande huo huwa umegeukia mbali, na adhuhuri jua halifiki hata nyuzi 22. Mwanga unaokuja kwa mshazari kiasi hicho hutawanyika kwenye eneo kubwa la ardhi, na kila kipande hupata joto kidogo. Tena hukaa muda mfupi: mchana wa tarehe 21 Desemba hauzidi saa 8 na dakika 46, ilhali ule wa Juni hufika saa 15 na dakika 37.

Bahari nayo ingeweza kupunguza ukali huo, kwa kuwa maji hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ardhi haina subira hiyo. Zaidi ya hayo, hakuna safu ya milima inayokingama kati ya Aktiki na Ghuba ya Meksiko, hivyo hewa ya kaskazini hushuka kupitia Kanada bila kizuizi, na hewa ya kusini yenye unyevu hupanda vivyo hivyo. Zinapopokezana, joto laweza kuanguka kwa nyuzi 20 ndani ya siku moja.

Mwaka wa wenyeji huanza kuhesabika hasa Septemba, majani ya miti yanapobadilika rangi. Mchana ukipungua, mti huacha kutengeneza ile kemikali ya kijani inayonasa mwanga. Kijani kikififia, rangi ya njano iliyokuwamo muda wote huonekana, na baadhi ya miti, kama mepo, hutengeneza nyekundu mpya kutokana na sukari iliyobaki kwenye majani. Kisha majani yote hupukutika, na kazi ya kuyakusanya huchukua wikendi kadhaa. Jalidi ya kwanza kwa kawaida hutua Oktoba. Mboga nyororo hufa usiku mmoja, lakini sukuma wiki hustahimili, na Wakenya wengi walioweka makazi katika vitongoji vya kaskazini vya mji, kama Brooklyn Park, wanaweza kuendelea kuichuma wakati nyanya zimeshakauka.

Huu ndio wakati wa matayarisho, na asiyejitayarisha hulipa gharama. Mipira ya kumwagilia bustani hufunguliwa kutoka kwenye bomba la nje na maji yake kumwagwa, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba. Mtambo wa kupashia nyumba joto, ambao mara nyingi hutumia gesi, hukaguliwa na kichujio chake kubadilishwa. Madirisha ya nyumba kuukuu hubandikwa plastiki kwa ndani kuzuia upepo. Mambo mengine yalikwisha tayarishwa zamani na wajenzi: katika sehemu hii ya Minnesota msingi wa nyumba hushushwa angalau sentimita 107 chini ya ardhi, maana ardhi yenyewe huganda, ikaumuka na kuinua chochote kilichokaa juu juu. Mabomba makuu ya maji ya mji hulazwa chini zaidi ya hapo. Ukishachimba kiasi hicho, kuongeza chumba cha chini ya ardhi si gharama kubwa, na ndiyo maana karibu kila nyumba inacho.

Sheria nazo zimeandaliwa kwa baridi. Mwenye nyumba anayepangisha anatakiwa kuhakikisha joto la ndani linafika kama nyuzi 20 kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi mwisho wa Aprili. Katika miezi hiyohiyo jimbo linamlinda mwananchi asikatiwe huduma ya kupasha nyumba joto kwa sababu ya deni. Ila ulinzi huo hauji wenyewe. Mwenye deni hana budi kuwasiliana na kampuni inayomhudumia, wakubaliane namna ya kulipa kidogo kidogo, na kulitimiza agano hilo. Mgeni anayesikia kwamba hakuna anayekatiwa gesi wakati wa baridi, akanyamaza na bili zake, anaweza kukatiwa. Hili linastahili kurudiwa katika kila mkusanyiko wa wageni, kwa kuwa nyumba isiyo na joto Januari haikaliki hata usiku mmoja.

Theluji haingoji Desemba. Tarehe 31 Oktoba 1991, watoto wakizunguka nyumba kwa nyumba kuomba peremende za sikukuu ya Halloween, dhoruba ilianza iliyomwaga sentimita 72 za theluji katika muda wa siku nne. Kubwa zaidi kwa maafa ni ile ya tarehe 11 Novemba 1940. Asubuhi ilikuwa na joto lisilo la msimu, na wawindaji wa bata walitoka na nguo nyepesi kwenda kwenye visiwa na vinamasi vya Mississippi. Kabla ya jioni upepo uligeuka, mvua ikawa theluji, joto likaporomoka. Watu 49 walikufa Minnesota peke yake, karibu nusu yao wawindaji hao. Hakukuwa na namna ya kutosha ya kuwaonya. Siku hizi utabiri hutolewa usiku na mchana, na koti zito hukaa ndani ya gari hata siku ambayo jua linawaka.

Januari ndiyo kilele cha baridi, na hapo hesabu ya joto peke yake haitoshi. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopashwa na ngozi. Upepo huliondoa tabaka hilo, na ngozi hupoa haraka zaidi. Kwa hiyo watabiri hutangaza vipimo viwili, joto la hewa na baridi inavyohisika pamoja na upepo. Kipimo hicho cha pili kikifika nyuzi 40 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuganda kwa muda wa dakika kama 10. Dalili ya kwanza ni maumivu, kisha ganzi, kisha ngozi hupauka na kuwa ngumu. Kwenye ngozi nyeusi mpauko huo ni mgumu kuuona, hivyo ganzi ndiyo ishara ya kuangaliwa. Sehemu hiyo haisuguliwi wala haipakwi theluji. Hupashwa kwa maji ya vuguvugu, na mgonjwa hupelekwa hospitali.

Mavazi yana kanuni yake. Koti moja zito halishindi nguo tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine, kwa sababu joto huhifadhiwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Inayogusa mwili isiwe ya pamba, maana pamba hunyonya jasho na kubaki na majimaji, na majimaji hayo hupokonya mwili joto. Sufu au kitambaa cha michezo hufaa zaidi. Juu yake huvaliwa sweta, na juu kabisa koti linalozuia upepo. Glavu isiyo na vidole vilivyotenganishwa hupasha mkono kuliko yenye vidole, kwa kuwa vidole hupashana joto. Buti iwe na nafasi kidogo, kwani soksi mbili zilizobanwa huzuia damu, na mguu hupoa licha ya wingi wa nguo.

Mwisho wa Januari 2019 hewa ya Aktiki ilishuka moja kwa moja juu ya mji. Tarehe 30 kipimo kilionyesha nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa upepo ilihisika kama 48. Shule zilifungwa, na posta, inayojulikana kwa kutoogopa hali ya hewa, ilisitisha kupeleka barua. Kampuni moja ya gesi jimboni iliwaomba wateja wapunguze joto majumbani, kwa sababu matumizi yalizidi kile ambacho mabomba yangeweza kupitisha. Hata hivyo taa ziliwaka na hospitali zilifanya kazi. Baridi ya namna hiyo ingeangamiza mji wowote usioizoea. Minneapolis iliichukua kama juma baya.

Theluji ina utaratibu wake kamili. Kwa wastani huanguka sentimita 130 kwa mwaka, nayo haiyeyuki upesi, hivyo lazima isogezwe. Ikianguka nyingi, halmashauri hutangaza hali ya dharura ya siku tatu. Usiku wa kwanza, kuanzia saa 3, hakuna gari linaloruhusiwa kuegeshwa kwenye barabara kuu zilizowekewa alama. Siku ya pili, kuanzia saa 2 asubuhi, hakuna kuegesha upande wa nyumba zenye namba shufwa katika mitaa ya kawaida. Siku ya tatu ni zamu ya upande wa namba witiri. Magreda hupita nyuma ya kila agizo. Gari lililosahauliwa huvutwa hadi yadi ya mji, na mwenyewe hulikomboa kwa faini na gharama ya kuvutwa. Wageni wengi hujifunza utaratibu huu kwa kutoka asubuhi wakakuta pengo mahali walipoliacha gari. Njia ya miguu mbele ya nyumba si kazi ya mji. Ni ya anayeishi hapo, naye hupewa saa 24 baada ya theluji kukatika. Sepetu ya theluji ni pana na nyepesi, lakini kazi yenyewe ni nzito, na kila mwaka madaktari huwaonya wazee na wenye ugonjwa wa moyo wasiichukulie kama kufagia uwanja.

Chumvi hunyunyizwa barabarani ili barafu iyeyuke, ila nguvu yake hupungua sana baridi inapopita nyuzi 9 chini ya sifuri. Hapo mchanga hufaa zaidi. Na chumvi haipotei. Huingia katika mifereji, kisha katika maziwa, na haina njia rahisi ya kutoka. Kijiko kimoja cha chai chatosha kuharibu lita 19 za maji kwa viumbe wa majini. Mji unaojivunia maziwa yake umejikuta ukiyaunguza kwa kitu kilekile kinachookoa madereva, na dawa pekee iliyopatikana ni kutumia chumvi kidogo zaidi.

Katikati ya mji, mtu anaweza kufanya kazi, kula, kwenda benki na kumwona daktari bila kukanyaga nje. Tangu 1962 majengo yameunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa kwa vioo, ghorofa moja juu ya barabara, na leo mtandao huo una urefu wa kama kilomita 15. Hulaumiwa kwamba umeinyima mitaa ya chini watu na biashara, na lawama hiyo ina msingi. Lakini anayengoja basi Januari ataelewa kwa nini ulijengwa. Majengo mengine hayakufaulu vizuri hivyo. Uwanja wa michezo wa Metrodome, uliofunguliwa 1982, ulikuwa na paa la kitambaa lililoshikiliwa na hewa. Tarehe 12 Desemba 2010, baada ya sentimita 43 za theluji, paa lilichanika na shehena yote ikaporomokea uwanjani. Hakuna aliyeumia. Uwanja mpya uliofunguliwa mahali hapo 2016 umepewa paa lenye mwinuko mkali, theluji iteleze.

Giza huwashinda wengine kuliko baridi. Desemba jua huchomoza saa 2 kasoro dakika 12 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni, hivyo mfanyakazi hutoka gizani na kurudi gizani. Baadhi ya watu huingiwa na huzuni inayorudi kila mwaka majira hayohayo, usingizi mwingi na kukosa hamu ya mambo. Huu ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari tangu miaka ya 1980, na mojawapo ya tiba zake ni kukaa kila asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali. Jua la chini la majira hayo pia halina nguvu ya kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na wenye ngozi nyeusi huathirika zaidi kwa kuwa wao huhitaji jua la muda mrefu. Anayetoka Mombasa au Bujumbura hana sababu ya kuona aibu kumwuliza daktari juu ya jambo hili.

Pamoja na hayo, watu hawajifungii. Maziwa ya mjini, Bde Maka Ska, Harriet, Nokomis na mengineyo, huganda kwa kawaida Desemba, na yakishaganda huwa viwanja. Watu huteleza kwa viatu vya barafu, hupanda baiskeli zenye magurudumu manene, na huvua samaki. Mvuvi hutoboa tundu kwa keekee kubwa, upana wake kama wa sahani, hukaa juu ya ndoo au ndani ya kibanda chenye jiko dogo, na kuteremsha ndoana. Chini ya barafu maji hubaki maji, kwa sababu yaliyo mazito kuliko yote ni yale ya nyuzi 4, nayo hukaa kilindini. Barafu, iliyo nyepesi, huelea juu na kuwa blanketi. Mamlaka ya maliasili ya jimbo hupendekeza unene wa sentimita 10 kwa mtembeaji na kama 25 kwa gari dogo, huku ikisisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Saint Paul imekuwa na tamasha lake la baridi tangu 1886, lililoanzishwa baada ya mwandishi wa New York kuufananisha mji huo na Siberia.

Machipuko ni mafupi na yana matope. Machi usiku huganda na mchana huyeyuka. Maji huingia katika nyufa za lami, yakiganda huzitanua, na magari humalizia kwa kuchimba mashimo. Barafu ya maziwa huvunjika mwanzoni mwa Aprili katika miaka mingi, ingawa theluji ya Aprili si habari. Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele, na tofauti na Nairobi hupungua kutoka saa 9 hadi 8, mpaka Novemba. Anayempigia mama yake simu kila wiki hulazimika kuhesabu upya.

Kufika Juni mji huwa umegeuka. Joto la nyuzi 30 na unyevunyevu kutoka kusini huwafanya watu walale na viyoyozi, mbu hujaa, na kila mtu hukimbilia ziwani. Dhoruba za radi huja na mvua ya mawe, na nyakati nyingine tonado, kimbunga chembamba chenye umbo la faneli. Tarehe 22 Mei 2011 kimoja kilipita kaskazini mwa Minneapolis na kuharibu mamia ya nyumba. Ving'ora vya tahadhari hujaribiwa saa 7 mchana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Vikilia wakati mwingine, watu hushuka chumba cha chini ya ardhi au hukaa katikati ya nyumba mbali na madirisha. Tangu Juni 2023, moshi wa misitu inayoungua Kanada umekuwa sehemu ya mazungumzo ya kiangazi, baada ya hewa ya mji kufikia uchafu ambao haukuwa umezoeleka.

Mwanga mrefu wa kiangazi huwagusa Waislamu kwa namna ya pekee. Minneapolis ina mojawapo ya jamii kubwa za Wasomali nje ya Afrika, na baadhi ya waliopitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya wanakijua Kiswahili. Ramadhani ilipoangukia Juni 2016, saumu ilizidi saa 17. Mwishoni mwa Desemba 2030 itakuwa kama saa 10 na kidogo. Pwani ya Afrika Mashariki saumu hubadilika kidogo tu. Mwaka 2022 mji uliruhusu adhana kwa vipaza sauti kati ya saa 1 asubuhi na saa 4 usiku, lakini kiangazi alfajiri na isha huangukia nje ya muda huo. Aprili 2023 baraza likaondoa kikomo hicho, na Minneapolis ikawa mji mkubwa wa kwanza Marekani kuruhusu adhana zote tano.

Majira yenyewe sasa yanasogea. Baridi ndiyo inayopungua haraka kuliko joto linavyoongezeka, hasa usiku. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa Minnesota. Mashindano ya kimataifa ya kuteleza kwenye theluji, yaliyofanyika Februari 2024 katika bustani ya Theodore Wirth, yalitegemea theluji iliyotengenezwa kwa mashine. Katika miaka 50 maziwa ya jimbo yamepoteza kwa wastani kati ya siku 10 na 14 za barafu. Wavuvi huathirika kwanza, kwa kuwa barafu inayochelewa kuganda na kuwahi kulegea haitabiriki kwa kalenda ya zamani, na unene hupimwa kila siku kabla ya kukanyaga, hata pale ambapo jana watu walipita kwa magari.